Matunda meusi, unga wa chungwa na pampu nne: jibu kwa msomaji wa Kahawa West

Swali: "Habari yako Mwalimu. Ninaishi Kahawa West lakini kahawa yangu iko Gatanga, Murang'a, kwenye mwinuko wa kama mita 1,700. Ni mibuni 400 ya SL28 aliyoiacha marehemu baba, na 150 ya Ruiru 11 niliyoipanda mimi. Tangu Mei matunda mabichi ya SL28 yanatoka madoa meusi, yanakauka na kuanguka. Majani yake yana unga wa rangi ya chungwa upande wa chini na yanapukutika. Ruiru 11 haina weusi, ila matunda machanga yanadondoka tu. Miti ya kando ya barabara nayo inanata na imekuwa kama imepakwa masizi. Kijana wa shamba ananitumia picha. Tumepiga dawa mara tano: ya wadudu mara mbili, ya blaiti mara mbili, na kopa mara moja mwezi Juni. Kila mara anamaliza shamba lote kwa pampu nne za lita 20. Nimeshatumia zaidi ya shilingi 30,000. Ndugu zangu wananiambia niing'oe yote nipande parachichi. Nifanyeje?"

Dada yangu, picha zako zote kumi na saba nimezitazama, nyingine nimezikuza hadi doa moja likajaa kioo cha simu. Nianze na jibu, kisha nikueleze nilivyolifikia. Kahawa usiing'oe. Na mwezi huu wa Julai usinunue dawa nyingine ya matunda meusi, hata uambiwe ni kali namna gani. Shamba lako haliumwi ugonjwa mmoja. Yamekutana mambo manne, kila moja na mhusika wake na msimu wake, na zile shilingi 30,000 zimepotea kwa sababu mgonjwa alikuwa akipewa dawa kabla ya kupimwa.

Tuanze na matunda meusi, maana naona ndiyo yanayokunyima usingizi. Hapa Nairobi ukitaja CBD mtu anawaza katikati ya jiji, Moi Avenue na matatu zilizosongamana. Ukivuka Ruiru ukaingia mashambani, herufi hizohizo zinamfanya mkulima ashike kichwa: ni coffee berry disease, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Watanzania wanauita chulebuni, jina ambalo mimi nalipenda zaidi. Unaletwa na kuvu anayeitwa Colletotrichum kahawae, ulionekana kwa mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na katika mwaka wa mvua na baridi unaweza kumaliza hata asilimia 80 ya mazao ya shamba lisilotunzwa. Unapenda milima. Kadiri unavyopanda juu, kule ambako ukungu wa asubuhi unachelewa kuondoka na majani yanakaa na maji hadi saa nne, ndivyo unavyozidi kustawi. Gatanga yako iko mahali penyewe.

Kilichonifanya niamini ni CBD si weusi wenyewe. Tunda la kahawa huwa jeusi kwa sababu nyingi: jua kali, ukame, mti kubeba kuliko uwezo wake, au kuvu mwingine wa ukoo uleule anayevamia tunda likishaanza kuiva. Nilichokitazama ni picha ya sita. Tunda bado ni la kijani kabisa, lina doa jeusi lililobonyea kama limechomwa kwa sigara, na tunda la jirani yake kwenye kishada kilekile ni zima. Hata hivyo picha ni picha. Ukifika shambani, chuma matunda kumi ya namna hiyo, yaweke kwenye mkebe wenye karatasi ya shashi iliyoloweshwa, ufunge vizuri, uuache mahali pa kivuli siku mbili. Doa likitoa ute wa waridi iliyofifia, hivyo ndivyo vijimbegu vyake, na kwangu mimi ushahidi utakuwa umetimia. Mkebe huo usirudi kubebewa chakula.

Ushahidi wa pili umeupanda wewe mwenyewe bila kujua. SL28 inaugua, Ruiru 11 iliyo hatua chache kutoka hapo haina doa. Herufi SL ni za Scott Laboratories, maabara zilizokuwa Kabete, hapo ambapo leo pana maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya. Watu wa Kabete waliichagua SL28 miaka ya 1930 kutoka kwa mibuni ya Tanganyika iliyosifika kwa kuvumilia ukame, na mpaka leo wanunuzi wanaipigania kwa ladha ya kikombe chake. Kinga ya CBD haina. Ruiru 11 ilitolewa mwaka 1985 kwa kazi hiyo hasa, ipambane na CBD na kutu, na ndiyo maana miti yako 150 imesimama safi katikati ya maradhi. Ingekuwa zote mbili zina matunda meusi mabichi, ningeanza kutafuta mchawi mwingine.

Sasa, mbona kopa ya Juni, ile dawa ya kuvu yenye shaba, haikusaidia? Kopa haiponyi. Ni koti la mvua: lazima ulivae kabla hujalowa. Maua yako yalifunguka mwishoni mwa Machi, mvua za masika zilipoanza. Wiki nne za kwanza tunda ni kichwa cha pini tu na halishambuliwi sana. Kuanzia wiki ya nne hadi ya kumi na nne linanenepa kwa haraka, ngozi yake ni laini, na maji ya mvua yanatiririka kutoka matawi ya juu yakishuka na vijimbegu. Hapo ndipo CBD inapokula. Baadaye mbegu iliyo ndani inakuwa ngumu na tunda linatulia mpaka linapokaribia kuiva. Piga hesabu: wiki ya nne ni mwisho wa Aprili, wiki ya kumi na nne ni mwanzo wa Julai. Madoa uliyaona Mei, koti ukavaa Juni. Na sasa Julai inaisha, matunda yaliyosalimika yameshavuka daraja. Dawa utakayonunua leo utakuwa unamnunulia koti mtu aliyekwisha kuingia nyumbani.

Dawa ya blaiti ndiyo iliyonisikitisha, kwa sababu najua ilivyouzwa. Umeingia kwenye agroveti, ukasema "matunda yanaoza", aliye kaunta akakupa kile ambacho wauza nyanya wote hununua. Sehemu kubwa ya dawa hizo ina metalaksili, iliyotengenezwa kwa ajili ya blaiti ya viazi na nyanya. Kiumbe anayeleta blaiti hiyo si kuvu wa kweli, ni wa kundi jingine kabisa, na metalaksili haimgusi Colletotrichum. Mara nyingi dawa hizo huchanganywa na mankozebu, ambayo inakinga kidogo, kwa hiyo siwezi kusema ulimwaga maji matupu. Lakini ulilipia sehemu ya ghali isiyokuhusu.

Halafu hizo pampu nne. Hapa naomba usimkasirikie kijana, hakuna aliyemfundisha. Pampu nne za lita 20 ni lita 80. Ukizigawa kwa miti 550, kila mti umepata chini ya mililita 150, nusu kikombe cha chai. Kipimo ninachotumia mimi kwa mbuni mkubwa wa SL28 wenye majani yote ni robo tatu ya lita. Miti 400 ni lita 300, yaani pampu kumi na tano, na hapo sijaigusa Ruiru 11. Najua mkono wake ulikuwa unapita wapi: kifuani na kiunoni mwa mti, mahali panapofikika bila kuinua bega. Kileleni hapakufika kitu, na CBD huteremka kutoka kileleni. Kuna jambo jingine dogo linaloharibu kazi kubwa. Kopa ya unga haiyeyuki, inaelea tu kwenye maji, na pampu ikisimama dakika chache inatuama chini. Mti wa kwanza unapata maji, wa mwisho unapata tope. Lazima pampu itikiswe kila baada ya miti michache.

Je, mwakani inatakiwa pampu kumi na tano kila wiki tatu au nne, kuanzia kabla ya masika hadi Julai? Kwa SL28 iliyoachwa ilivyo, ndiyo, na hesabu hiyo inaumiza. Kwa hiyo kabla ya pampu kuna msumeno. Katika picha ya pili nimehesabu mashina matano yenye kuzaa kwenye mti mmoja, na vichipukizi vingine vimejaa chini kama nywele. Bakiza mashina mawili au matatu. Kata yaliyozeeka na yanayopita urefu ambao mtu aliyesimama chini anaweza kuyafikia na dawa. Ondoa vichipukizi vyote usivyovihitaji, pamoja na matawi ya chini yanayogusa udongo. Kazi hiyo ifanywe Januari hadi Februari, baada ya kumaliza kuvuna. Upepo ukipita katikati ya mti, majani yanawahi kukauka kwa muda wa saa mbili, na saa mbili hizo ni adui wa kila kuvu. Nimewahi kuona shamba likipunguza ugonjwa kwa msumeno peke yake kuliko nilivyoona likipunguza kwa dawa peke yake.

Na usiache matunda meusi yaliyokauka mtini. Mkulima huyaona kama maiti. Kwa CBD hayo ni ghala: mvua ya kwanza ikiyagusa, vijimbegu vinamwagikia matunda mapya yaliyo chini. Huku kwetu mashariki mwa Bonde la Ufa tuna balaa la ziada, kwamba mti mmoja unaweza kubeba matunda ya maua ya vuli na ya masika kwa wakati mmoja, kaka mkubwa akimwambukiza mdogo wake. Ukimaliza kuvuna, hakikisha mti hauna hata tunda moja, liwe bichi, kavu au bovu. Fukia shimoni.

Unga wa chungwa ni habari tofauti kabisa. Hiyo ni kutu ya majani, Hemileia vastatrix, ugonjwa ulioingia Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwaka 1869 na ndani ya miaka kama ishirini ukawafanya wakulima wa kule waache kahawa wageukie chai. Kuutambua ni rahisi: futa upande wa chini wa jani kwa shashi nyeupe. Ikitoka na rangi kama ya bizari, ni kutu. Kijimbegu chake kinahitaji maji juu ya jani ili kiote, kisha kinaingia ndani na kukaa wiki kadhaa bila kuonekana. Ukiona unga, ujue aliingia mwezi uliopita.

Watu huidharau kutu kwa sababu haigusi tunda. Lakini kahawa huzaa kwenye tawi lililokua msimu uliotangulia. Mti uliopoteza majani mwaka huu hauna nguvu ya kukuza tawi, na tawi lisilokua halina maua mwakani. Deni la kutu hulipwa mwaka wa pili, na mkulima anapolilipa huwa ameshasahau alilikopa wapi. Hapa kopa inafaa sana, na msimu wake bado haujakupita: puliza mwishoni mwa Septemba au Oktoba mwanzoni, kabla ya mvua za vuli, na tena Februari mwishoni au Machi mwanzoni, kabla ya masika. Elekeza bomba juu, kutoka chini ya matawi, maana kutu inakaa chini ya jani. Mpulizaji anayesimama wima na kunyunyizia kama anabariki waumini hataikuta. Ruiru 11 nayo itazame. Inavumilia kutu, lakini kuvu hubadilika, na kutu imeshaonekana kwenye baadhi ya Ruiru 11 hapa nchini. Ukiona unga huko pia, usidhani uliuziwa miche bandia.

Sasa masizi, ambayo wewe umeyataja mwishoni na mimi ndiyo yaliyonivutia zaidi. Weusi huo si ugonjwa wa mti. Ni ukungu unaoota juu ya maji matamu yanayotolewa na wadudu wanaofyonza, na katika picha ya kumi na moja wanaonekana wazi kwenye kishada: vijidudu vyeupe kama vimepakwa unga wa ugali, huku sisimizi wakipita juu yao kama wachungaji. Hao ni vidung'ata. Sisimizi wanakula ile sukari, na kwa malipo wanawafukuza maadui wa vidung'ata.

Huo mji wa Thika unaoupita ukienda nyumbani una kisa chake na vidung'ata. Mwaka 1923 mashamba ya ukanda huo yalivamiwa na kidung'ata mgeni, na kwa miaka mingi alitesa kahawa na mazao mengine ya Wakenya. Wataalamu walimfananisha na kidung'ata wa Asia, kwa hiyo wakapeleka watu Asia kutafuta nyigu wadogo wanaomuua. Nyigu wakaletwa, wakaachiliwa, wala hawakufanya lolote. Baadaye kidung'ata akachunguzwa upya, ikabainika ni Mwafrika tena jirani, ametoka Uganda. Mwaka 1938 nyigu wa Uganda wakaletwa, na tatizo lililoshindikana likaanza kuyeyuka. Leo ana jina lake mwenyewe, Planococcus kenyae. Miaka yote ile ilipotea kwa kukosea jina tu. Nakusimulia hivi kwa sababu wale nyigu, pamoja na wenzao wadudu-kibibi wenye madoa, wamo shambani mwako, au walikuwamo mpaka ulipopuliza dawa ya wadudu mara mbili. Dawa ile iliua walinzi. Vidung'ata, waliojificha ndani ya vishada chini ya nta yao, wakabaki na sisimizi wao. Na vumbi la murram la kando ya barabara linawazuia nyigu waliosalia kufanya kazi, ndiyo maana miti hiyo ndiyo iliyoathirika zaidi.

Tiba yake ni ya kushangaza kwa mtu aliyezoea chupa: usipulize. Washughulikie sisimizi. Kata matawi yote yanayogusa ardhi, majani marefu yanayoegemea mti na nguzo yoyote inayowapa daraja. Kisha zungushia shina mkanda wa kitu kinachonata, upana wa kiganja, sisimizi wasipande. Mkanda ukijaa vumbi ubadilishe. Kishada kilichozidiwa kabisa kikate ukichome. Yapuuze masizi, mvua zitayaosha chakula chake kikiisha. Nikadirie, miezi mitatu utaona tofauti, mradi usiguse tena dawa ya wadudu kwenye miti hiyo.

Ruiru 11 inayodondosha matunda machanga, hapo nakataa kutoa jina kwa picha. Kahawa hupunguza mzigo wake yenyewe. Mti uliofunga matunda mengi wakati chakula ni kidogo utaangusha sehemu, na hilo si ugonjwa. Lakini yuko pia mdudu wa antestia, mwenye umbo la ngao, mweusi mwenye madoa ya chungwa na meupe, anayechoma tunda na kufyonza. Anapenda miti iliyosongamana, na Ruiru 11 ni fupi, nene, na mara nyingi hupandwa kwa kubanana. Matunda machanga aliyoyachoma huanguka. Yaliyokomaa hubaki na buni zenye michirizi ya kahawia, na kahawa yake inaweza kunuka viazi vibichi kikombeni. Fanya hivi: alfajiri, kabla jua halijawapa joto, tandika shuka jeupe chini ya mti, tikisa matawi kwa nguvu, hesabu wanaoanguka. Rudia kwa miti kumi iliyotawanyika. Wastani ukiwa chini ya mdudu mmoja kwa mti, waache. Ukifika mmoja au wawili, ndipo dawa inapostahili, na hata hapo pogoa kwanza. Pasua pia matunda thelathini yaliyoanguka. Buni zikiwa safi ndani, mlishe mti wako mbolea, huna wa kumpuliza. Ukikuta tundu dogo kwenye kitovu cha tunda, pale ua lilipokuwa, huyo ni ruhuka, mdudu anayetoboa buni, ingawa kwa mwinuko wako sitarajii awe mwingi. Dawa yake kubwa ni kuvuna kila wiki mbili na kuokota yaliyoanguka.

Nikuambie kwa nini nimekuwa mgumu wa kutaja majina. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimwandikia mzee mmoja wa Kiambu ya juu, kule kahawa inakopakana na chai, dawa ya kuvu kwa sababu majani machanga yalikuwa yamekunjamana na kugeuka manjano kingoni. Alinunua, akapuliza, akanunua tena. Lilikuwa ni tatizo la usiku wa baridi kali na mchana wa joto, ambalo wakulima huita hot and cold, na hakuna chupa duniani inayobadilisha hali ya hewa. Alihitaji miti ya kivuli. Mzee hakunilaumu, alinipa hata ndizi za kurudi nazo mjini, na zile ndizi zilinikwama kooni kuliko matusi.

Kuhusu parachichi: ni zao zuri, na sina ugomvi na anayelipanda. Lakini ukilipanda kwa kukimbia magonjwa utakuwa umeruka majivu ukakanyaga moto. Lina kiumbe wake wa kuozesha mizizi, wa kundi lilelile la blaiti, lina chule yake, madoa ya kuvu kwenye tunda, na lina kiwavi wa nondo ambaye mmoja tu akionekana kwenye shehena ya kwenda ng'ambo anaweza kuikwamisha yote. Mkulima anayepuliza lita 80 mahali pa lita 300 atafanya vilevile kwenye parachichi.

Ninachokushauri ni kubadilisha kichwa cha SL28 bila kung'oa mguu. Mizizi ya baba yako ina miaka mingi ardhini na inajua maji yalipo. Kata shina, acha vichipukizi viote, kisha mtu anayejua kupandikiza akufungie vikonyo vya Ruiru 11 au vya Batian juu yake. Batian ilitolewa mwaka 2010, ni ndefu kama SL28, inastahimili CBD na kutu, na utaanza kuvuna mapema kuliko kwa mche mpya. Anza na miti 100 ile iliyougua zaidi, Machi mwakani mvua zikishika. Miti mingine mia kila mwaka, ili usikose cha kupeleka fakitori. Na kama unayo miti michache ya SL28 iliyo mahali pakavu penye upepo, ibakize uitunze kwa kopa. Hilo ni neno la moyo wangu, si la kitaalamu. Kikombe chake ni kikombe chake.

Vikonyo usivinunue kwa mtu wa njiani. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iko Ruiru, unaipita kila ukienda Gatanga, na ndiko aina hizo zilikozaliwa. Pitia hapo na sampuli zako: matunda, majani na tawi lenye vidung'ata, kila kimoja kwenye bahasha ya karatasi. Usitumie mfuko wa nailoni, maana vitatoa jasho na kuoza kabla hujafika, na mpimaji atakuta kuvu wa njiani badala ya kuvu wa shambani.

Dawa utakazohitaji, yaani kopa kwa sasa, inunue ukiwa na miwani. Lebo lazima iwe na nambari ya usajili ya PCPB, bodi inayodhibiti dawa za wadudu na magonjwa ya mimea, na itaje kahawa kwa jina. Chupa inayotaja nyanya na waridi tu, iache dukani. Sosaiti yako, yaani chama cha ushirika, nayo ina sababu ya kukuuliza ulipuliza nini: Ulaya ilikataa kuendelea kuidhinisha klopirifosi, dawa ya wadudu, Januari 2020, na mabaki yake kwenye buni yanaweza kuwatia matatani wenzako wote mnaochanganya kahawa fakitori moja. Ile dawa ya wadudu mliyotumia, nitumie picha ya lebo yake.

Na kijana. Katika picha ya kumi na nne amevaa kandambili na jezi ya mpira wa miguu, pampu imevuja mgongoni. Mnunulie gambuti, ovaroli ya mikono mirefu, glavu na barakoa kabla ya kununua gramu moja ya dawa, na umwonyeshe kusimama upepo ukiwa nyuma yake. Hicho kidumu cha njano kilicho miguuni pake, nina shaka kilikuwa cha dawa na sasa kinabeba maji. Kitobolewe leo, mpigie simu usingoje Jumapili.

Jumapili ukishatikisa miti kumi na kupasua matunda thelathini, niandikie hesabu mbili: antestia wangapi, na buni ngapi zenye michirizi. Nikizipata nitakuambia kama Ruiru 11 inataka msumeno, mbolea, au chupa.